Paa la Nailoni Chini ya Jua la Lokichar

Kivungulio, yaani nyumba iliyoezekwa na kuzungushiwa kioo au nailoni angavu ili mimea ikue ndani yake katika hali anayoipanga mkulima mwenyewe, ni chombo kilichozaliwa katika nchi za baridi, na asili hiyo haijakitoka mpaka leo. Mwandishi wa Roma ya kale, Plinius, ameeleza jinsi watunza bustani wa Kaisari Tiberius walivyootesha matango katika vitanda vyenye magurudumu, wakivisogeza juani kulipokuwa na joto na kuvifunika kwa mawe membamba yanayopitisha nuru siku za baridi, ili mtawala huyo asikose tango mezani karibu kila siku ya mwaka. Karne nyingi baadaye mataifa ya kaskazini mwa Ulaya yalijenga majumba ya kioo kwa ajili ya michungwa na minanasi, na mwaka 1851 Joseph Paxton, aliyeanza maisha yake ya kazi akiwa mtunza bustani, aliitumia elimu ya majumba hayo kusimamisha jijini London jumba la Crystal Palace. Hata teknolojia hii ilipoota mizizi nchini Kenya, ilitafuta kwanza mahali penye baridi ya usiku: kandokando ya Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako shamba la maua la Oserian lilipata umaarufu kwa kutumia joto la ardhini kutoka Olkaria kuyapasha mawaridi. Ni haki basi kuuliza kinachotokea chombo hicho kinapopakiwa kwenye lori, kikapita Kitale na Kapenguria, kikateremka hadi Kainuk, kisha kikasimamishwa Lokichar, huko Turkana kaskazini magharibi mwa Kenya, katika nchi ambayo haijawahi kulalamikia uhaba wa joto.

Jibu linaanzia kwenye fizikia ambayo watu wengi huielewa nusu tu. Maelezo ya kawaida husema kwamba mwanga wa jua, wenye mawimbi mafupi, hupenya kwenye kioo, ukaupasha joto udongo na majani, na kwamba vitu hivyo vinapotoa joto lao kwa mawimbi marefu, kioo hulizuia lisitoke. Maelezo hayo si ya uongo, lakini mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo na kingine kwa bamba la chumvi ya mwamba, ambayo hupitisha mawimbi marefu bila kizuizi kikubwa, akakuta kwamba joto la visanduku hivyo lilikaribiana sana. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya kivungulio ni kuifungia hewa: nje, hewa iliyopashwa na ardhi hupanda juu na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi, ilhali ndani, hewa ile ile hurudi na kupashwa tena. Jambo hili lina uzito wa pekee Turkana kwa sababu nailoni inayotumika kuezekea vivungulio vingi vya Kenya hupitisha sehemu kubwa ya mawimbi marefu, na hivyo, mbali na kukinga mvua, ufundi wake karibu wote uko katika kuzuia hewa isitembee, kitendo ambacho mkaaji wa Lodwar hawezi kukiita msaada hata kidogo.

Mjini Lodwar, ulio mita zipatazo 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hufikia wastani wa takriban nyuzi 35 za Selsiasi, usiku hubaki karibu nyuzi 24, na mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 200, ambazo mara nyingi hunyesha kwa siku chache na kuondoka na udongo. Mnyanya, ambao ndio mmea unaopandwa zaidi katika vivungulio vya Kenya, hupendelea mchana wa nyuzi 21 hadi 27. Joto likivuka nyuzi 32 hivi, chavua, yaani unga wa kiume wa ua, huanza kupoteza uwezo wake wa kurutubisha, na usiku usiopoa huzidisha dhara hilo, kwa kuwa mmea huteketeza kwa kupumua sehemu ya sukari iliyotengenezwa mchana. Matokeo yake huwahadaa wageni: mashina hurefuka, majani hunawiri, maua ya manjano huchanua kwa wingi, kisha hupukutika bila kufunga tunda. Nyumba ya nailoni isiyo na matundu ya kutosha inaweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 10 au zaidi, kwa hiyo mradi unaosifiwa katika mwezi wake wa pili kwa ukijani wake unaweza kuwa umekwisha kushindwa, na wanaoupiga picha wasijue.

Wataalamu hujibu kwamba joto hilo linaweza kuondolewa kwa maji, na jibu hilo linastahili kupimwa kwa hesabu. Maji yanapogeuka kuwa mvuke hufyonza kutoka hewani kiasi kikubwa cha nishati, kiitwacho joto fiche, na kwa kila lita moja kiasi hicho ni takriban kilowati-saa 0.68. Jua linaloipiga mita moja ya mraba katika sehemu hizo za Turkana huleta takriban kilowati-saa 6 kwa siku. Kama joto hilo lote lingepaswa kuondolewa kwa mvuke peke yake, kila mita ya mraba ingehitaji karibu lita 9 za maji kwa siku, na kivungulio kidogo cha mita 8 kwa 15, ukubwa ambao vikundi vingi vya wakulima huanza nao, kingehitaji zaidi ya lita 1,000, yaani mitungi zaidi ya 50 ya lita 20, kila siku ya Mungu. Sehemu ya maji hayo ingepita ndani ya mmea wenyewe, kwa maana karibu yote yanayonyonywa na mizizi hutoka tena kupitia vinyweleo vya majani, na ndiyo sababu shamba lililosheheni majani hujipoza lenyewe kuliko lenye miche michanga. Hata hivyo hesabu haibadiliki sana. Kiwango ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi huweka kwa matumizi ya mtu mmoja kambini ni lita 20 kwa siku. Kwa hiyo kivungulio kimoja kinachopozwa kwa maji safi hunywa mgao wa watu zaidi ya 50, na yeyote anayekipeleka kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma anapaswa kulitamka jambo hilo mbele ya watu hao kabla ya kufungua mfereji.

Upepo nao una madai yake. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna ujia mrefu wa ardhi ya chini, na hewa inayosukumwa kutoka Bahari ya Hindi hubanwa humo ikaongeza kasi, hali ambayo wanasayansi Kinuthia na Asnani waliieleza mwaka 1982 na ambayo sasa hujulikana kwa jina la mkondo wa upepo wa Turkana. Ni upepo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo unaotosha kuwasha taa za taifa unatosha pia kuichana nailoni, na usipoichana huifunika kwa vumbi hadi ikapoteza uangavu wake, huku miale ya jua isiyoonekana kwa macho ikiivunjavunja taratibu. Nailoni bora, iliyotiwa kemikali za kuihimili miale hiyo, hudumu miaka michache tu kabla ya kuhitaji kubadilishwa, na gharama ya kuibadilisha ni nadra kuwamo katika bajeti iliyoileta.

Nailoni hiyo, ambayo kwa kweli ni polithini, hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli au gesi, na hapo Lokichar huingia katika tafakari hii kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia. Mwezi Machi 2012 kampuni ya Tullow Oil ilitangaza kwamba kisima cha Ngamia-1, katika bonde la chini ya ardhi la Lokichar Kusini, kilikuwa kimefikia mafuta. Mafuta hayo yalitokana hasa na mwani, yaani mimea midogo ya majini, uliozama katika tope la ziwa la kale lililokuwapo hapo mamilioni ya miaka iliyopita, zama ambazo eneo hili lilikuwa na mito mikubwa kiasi kwamba huko Loperot, si mbali na Lokichar, umepatikana mfupa wa nyangumi aliyepanda mto kutoka baharini akafia bara miaka milioni 17 iliyopita. Mwani huo ulikamata mwanga wa jua, ukafukiwa, ukapikwa na joto la ardhi kwa vipindi visivyoweza kukadirika akilini, ukawa mafuta yenye nta nyingi, ambayo huganda yakipoa na ndiyo maana bomba lililopangwa kuyapeleka Lamu lilisanifiwa liwe la kupashwa joto njia nzima. Mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza, iliyosafirishwa kwa malori kutoka Turkana, iliondoka bandari ya Mombasa. Paa la polithini juu ya miche ya sukuma wiki, popote lilipotengenezwa, ni mimea ya kale iliyotandazwa juu ya mimea ya leo, na wakazi wa Lokichar, waliofunga barabara mwaka 2018 wakidai usalama na haki zao kabla ya malori kuendelea kupita, wana sababu ya kutaka kujua ni kiasi gani cha utajiri huo kitawarudia, na kwa sura gani.

Wana sababu pia ya kuuliza kuhusu maji, kwa kuwa mipango ya uchimbaji ilikusudia kuvuta maji kutoka bwawa la Turkwel ili yasukumwe ndani ya miamba kushikilia shinikizo la visima. Mto huo wa Turkwel ndio unaolisha mashamba ya Katilu, ndio unaopita Lodwar, na ndio unaoilowesha misitu ya kingo zake kabla ya kufika ziwani. Mwezi Septemba 2013 ilionekana kana kwamba hofu ya maji imekwisha, pale Serikali ya Kenya na UNESCO zilipotangaza kwamba uchunguzi wa satelaiti na visima vya majaribio umegundua hazina kubwa ya maji chini ya ardhi katika nyanda za Lotikipi, kaskazini magharibi mwa Turkana. Habari hizo zilizunguka dunia nzima kwa furaha. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa, na furaha ikazimika upesi kama ilivyowaka.

Pengine ilizimika upesi mno. Mvumbuzi wa Kiingereza, Charlie Paton, alianza katika miaka ya 1990 kujaribu, kwanza katika kisiwa cha Tenerife, kivungulio ambacho kinapozwa kwa maji ya bahari: upepo hupitishwa katika ukuta wa karatasi nene zenye vinyweleo zilizoloweshwa kwa maji ya chumvi, maji huvukizwa, chumvi hubaki nyuma, na hewa inayoingia kwa mimea huwa ya ubaridi na yenye unyevu, kiasi kwamba mmea huhitaji maji matamu machache zaidi kwa mizizi yake. Muundo wa namna hiyo ulijengwa Oman, karibu na Muscat, mwaka 2004, na miaka kadhaa baadaye ukafika Somaliland, karibu na Berbera, ukiwa umevuliwa mapambo yake mengi, bila kuta za kioo, ukitegemea upepo wa mahali na neti za kivuli. Hewa kavu ya Turkana, ambayo ni adui wa jani lililo wazi, ni rafiki mkubwa wa mbinu hii, kwa sababu kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo maji yanavyovukizwa kwa urahisi na ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Maji ya Lotikipi, pamoja na maji ya Ziwa Turkana yenyewe, yaliyo na magadi na floridi nyingi, hayafai kumwagiliwa mchicha, lakini kazi ya kupoza hewa haiulizi kama maji ni matamu. Tatizo la mahali pa kuiweka chumvi inayobaki lingehitaji kutatuliwa kwa uaminifu, la sivyo ardhi jirani ingeharibika. Hata hivyo ni jambo la kusikitisha kwamba maji yaliyokataliwa kwa kunywa yalisahauliwa pia kwa matumizi mengine yote.

Kinachojitokeza katika mfano wa Berbera ni kwamba katika nchi ya jua kali, hali ya kwanza kudhibitiwa ni kivuli. Neti nyeusi au ya kijani inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga huonekana kana kwamba inaunyima mmea chakula, lakini jani la mnyanya hushiba mwanga mapema sana, kabla jua la adhuhuri halijafika kilele chake, na mwanga unaozidi hapo hauzai sukari yoyote, huongeza joto tu. Neti huruhusu hewa kupita, huvunja nguvu za upepo bila kupambana nao, na hupunguza hesabu ile ya mitungi kwa karibu theluthi hadi nusu. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipovamia Turkana na kula kila kilichokuwa kibichi, umuhimu wa kufunika bustani ulipata maana nyingine pia, ingawa hakuna mkulima mdogo anayeweza kutegemea neti peke yake mbele ya wingu la namna ile.

Waturkana hawakuhitaji mgeni kuwafundisha thamani ya kivuli. Katika kingo za mito ya Turkwel na Kerio kuna utaratibu wa ekwar, yaani haki ya familia kutumia miti iliyo katika kipande fulani cha ukingo wa mto, haki inayotambuliwa na majirani na kurithiwa, na inayolinda hasa mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, na maganda ya mbegu zake yanayowaokoa mbuzi wakati wa kiangazi. Chini ya matawi ya ewoi joto hupungua, upepo hulegea, udongo huwa na rutuba ya majani na samadi, na mizizi mirefu ya mti hunywa maji ambayo mmea mdogo hauwezi kuyafikia. Mambo yote anayojaribu kuyaleta mjenzi wa kivungulio yamo humo, isipokuwa kuta. Karibu na miti hiyo wanawake wamekuwa wakipanda mtama wa aina inayokomaa mapema mno, wakiitega mbegu kwa gharika moja ya mto, wakijua kwamba huenda isije ya pili. Inaumiza kuona kwamba sehemu kubwa ya kingo hizo sasa imetwaliwa na mathenge, mti wa miiba ulioletwa nchini katika karne ya 20 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kuleta kuni, ukaota bila kikomo, ukaziba njia za kwenda mtoni na kuisukuma miti ya ewoi pembeni. Huo nao ulikuwa mmea uliochaguliwa na wataalamu kwa ajili ya hali fulani, ukapandwa mahali ambapo hapakuwa na wa kuudhibiti.

Kudhibiti hali ya maisha ni sanaa ya kale ya wafugaji, ila wao huitekeleza kwa njia iliyo kinyume na ya mkulima wa kivungulio. Mkulima huyo huuweka mmea mahali pamoja na kuyaleta maji, kivuli na chakula mpaka ulipo, wakati mfugaji huichukua mifugo na kuipeleka mahali ambapo maji, kivuli na malisho vimetokea msimu huo. Ngamia huenda upande mmoja, ng'ombe wakaelekea milimani, mbuzi wakabaki karibu, na familia hujigawa kufuata matumbo ya wanyama. Skimu za umwagiliaji za Turkana, ikiwemo ya Katilu, karibu na Lokichar, zilianzishwa baada ya njaa ya mwanzo wa miaka ya 1960 kwa dhana kwamba waliopoteza mifugo watageuka kuwa wakulima wa kudumu. Wengi walilima kwa bidii, kisha wakabadilisha mavuno kuwa mbuzi, na mbuzi kuwa kundi, na kundi likawarudisha malishoni. Baadhi ya waliogharamia kazi hiyo waliona hapo kushindwa. Ni sahihi zaidi kusema kwamba mfereji ulifanya kazi ambayo wenyeji walikuwa na haja nayo, ya kuwavusha watu kutoka mwaka mbaya hadi mwaka mwema.

Kisa cha Kalokol kinatoa onyo kali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa huko kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana, kilichohitaji umeme na maji safi kwa wingi usiopatikana katika mji mdogo kando ya jangwa. Gharama ya kuushikilia ubaridi huo ilizidi thamani ya samaki wenyewe, na punde si punde Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chimbuko la uvuvi, ikakauka kwa kushuka kwa maji ya ziwa. Samaki waliendelea kukaushwa juani kama zamani. Kila chumba kilichofungwa ili ndani yake pawe na hali tofauti na ya nje hudai malipo kila saa, na siku malipo yanapokosekana, hali ya nje huingia kwa nguvu zake zote. Ndiyo sababu swali linalopaswa kuulizwa kwa kila kivungulio kinachopelekwa Turkana ni nani atakayekuwapo saa nane mchana siku pampu itakapokwama, na kama kuna fundi na kipuri Lodwar au ni lazima visubiriwe kutoka Eldoret, kwa maana mnyanya ndani ya nailoni iliyofungwa hauna siku tatu za kungoja.

Kakuma hali ni nyingine, na inahitaji kufikiriwa kwa upole. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Sudan, wengi wao wakiwa vijana waliotembea bila wazazi, na makazi ya Kalobeyei yaliongezwa mwaka 2016 kwa nia ya kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji katika uchumi mmoja. Kwa miaka mingi sheria na desturi ya utawala zimemtaka mkimbizi asitoke eneo lake bila kibali, na ingawa Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 vimeahidi nafasi pana zaidi, mgao wa chakula nao umekuwa ukipunguzwa mara kwa mara. Mtu asiyeweza kuhama kufuata mvua, wala kufuata kazi, ndiye anayekihitaji zaidi kilimo kinachokaa mahali pamoja. Katika kambi hizo watu wamelima bustani za magunia, ambamo udongo na samadi hujazwa kuzunguka nguzo ya mawe inayoyateremsha maji mpaka chini, na miche ya sukuma wiki na mchicha huchomekwa katika matundu ya ubavuni, ikimwagiliwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Gunia hilo chini ya neti ni kivungulio kamili cha mtu maskini, na lina sifa moja ambayo nyumba kubwa za nailoni hazina: likiharibika, hasara ni ya gunia moja, na mwenye gunia anajua kulishona.

Mfano unaoweza kuwafaa Waturkana zaidi uko mbali, kusini magharibi mwa Algeria, katika kambi za Wasahrawi karibu na Tindouf. Huko, wakimbizi ambao kwa asili ni wafugaji, wakisaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, wamekuwa wakiotesha shayiri bila udongo, katika trei zilizopangwa ndani ya vibanda vyenye kivuli. Mbegu huloweshwa, hutandazwa, hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku, na baada ya takriban wiki moja huwa zulia la majani na mizizi ambalo mbuzi hulila lote. Turkana mifugo mingi inapopelekwa mbali wakati wa kiangazi, maziwa huondoka nayo, na wanaobaki nyumbani bila maziwa ni watoto, wajawazito na wazee. Mbuzi wawili au watatu walioachwa nyumbani na kulishwa kwa trei wangeweza kuzuia udhaifu ambao hakuna nyanya iwezayo kuutibu. Hapa pia ukweli wote hauna budi kusemwa: kilo moja ya shayiri hutoa kilo 6 hadi 7 za majani mabichi, lakini nyongeza hiyo ni maji, na uzito wa chakula kikavu hauongezeki, hupungua kidogo, ukungu hushambulia trei kwa wepesi kunapokuwa na joto, na shayiri hailimwi Turkana, hutoka nyanda za juu za Timau na Narok. Mtu angedhani mtama wa kienyeji ungechukua nafasi yake, lakini chipukizi la mtama lina kemikali inayotoa sumu ya sayanidi tumboni mwa mnyama, na limewahi kuua mifugo katika nchi nyingi. Mahindi hayana hatari hiyo, na hulimwa Katilu, mwendo mfupi tu kutoka Lokichar. Jaribio la kuyaotesha katika trei chache chini ya kivuli cha neti au cha ewoi, likipimwa kwa vikombe vya maziwa badala ya urefu wa majani, lingegharimu sehemu ndogo mno ya bei ya kivungulio kimoja, na kituo cha mafunzo ya kilimo, au kikundi cha wanawake chenye mbuzi wachache na tangi moja la maji, kingeweza kulianza msimu huu wa kiangazi.